Kwa nini taa yangu ya miche ina mpira wa maji

Tangu niseme kwamba najenga taa ya LED ya kukuzia miche ndani ya nyumba, swali ni lile lile: Isiolo jua lote hili, taa ya nini tena? Jua tunalo, kweli, ila jua la saa saba linababua mche mchanga wa sukuma wiki, na mbuzi wanamaliza uliobaki. Swali zuri zaidi ni kuhusu maji, na jibu lake liko kwenye historia.

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa General Electric alitengeneza LED ya kwanza ya kufaa yenye mwanga mwekundu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba redio imewaka, basi. Kisha mwaka 1991 Bula na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakachapisha habari za letasi iliyokuzwa chini ya LED nyekundu. Mwanga wa buluu walitumia taa za tyubu, maana LED ya buluu yenye nguvu ilikuja na Shuji Nakamura mwaka 1993. Mwaka 2015 wanaanga walikula letasi iliyokua chini ya LED huko huko angani.

Watu husema LED haina joto. Si kweli! Balbu ya zamani hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga, LED hulibakiza mgongoni, kwenye kichipu kidogo kuliko punje ya mchele. Joto likizidi, mwanga hufifia na kichipu hufa mapema. Taa yangu inakula wati 100, na karibu nusu yake ni joto tu. Maabara yenye baridi inatosheka na feni. Hapa, hewa ikifika nyuzi 35, feni inapuliza joto juu ya joto.

Maji, kwa ujazo ule ule, hubeba joto mara 3,500 hivi kuliko hewa. Sisi watu wa kompyuta tunalijua hilo zamani: IBM 3081 ya mwaka 1980 ilipozwa kwa maji. Lakini maji nayo lazima yapoe mahali. Rejeta haiwezi kushuka chini ya joto la hewa. Mtungi wa udongo unaweza, kwa sababu unatoa jasho. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alitumia ujanja huo huo miaka ya 1990 kuhifadhi mboga kwa chungu ndani ya chungu.

Hesabu yangu: wati 50 za joto kwa saa 12 zinahitaji kama lita 0.9 ya maji kugeuka mvuke. Jerikeni moja ya lita 20, wiki tatu. Kwa mji unaonunua maji, ninaweza kuishi na hilo.

Stima ikikatika, pampu na taa huzimika pamoja. Pampu ikifa peke yake ndiyo hatari, kwa hiyo naandika programu ya kuzima taa maji yakipita nyuzi 40. Kodi yake nitaiweka hapa.