Kupima nguvu ya mapafu: usafi gani unahitajika ku hopitali tangu korona?

Munganga amekuandikia kipimo cha pumzi. Unafika, wanakukalisha kwa kiti, wanabana pua yako na kipini, kisha wanakuambia utie tiyo mu kinywa, uvute hewa mpaka mwisho na upulize kwa nguvu yote. Palepale swali moja linakuja: nani alipuliza humu mbele yangu?

Ni swali la maana, wala si haya kuliuliza. Katika makala hii tunaeleza namna kipimo hiki kinafanyika, wapi ugonjwa unaweza kupitia, na mambo gani hospitali na mgonjwa wanapaswa kufanya.

Kipimo chenyewe ni nini?

Wanganga wanakiita spirometri. Kinaonyesha mapafu yanaweza kutoa hewa kiasi gani, na kwa mbio gani. Si kitu kipya: Mwingereza John Hutchinson alikieleza mu Londres tangu mwaka 1846. Kinasaidia kujua kama mtu ana asma, kama mapafu yameharibika juu ya tumbaku ao moshi wa makala, ao kama vumbi la mawe limekaza kifua.

Mgonjwa hapulizi mara moja tu. Wanataka mapulizo matatu mazuri angalau, na wakati mwingine anarudilia mpaka mara nane. Wengi wanakohoa sana. Hapo ndipo hatari inazaliwa.

Ebola ilitufundisha mikono, korona ikatufundisha hewa

Sisi watu wa mashariki tunajua kunawa. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikafika Ituri na hata Kivu ya Kusini, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 2.287 walikufa. Ku barriere, ku kanisa, ku masomo, kila mahali kulikuwa ndoo ya maji na klore. Ebola inapita kwa kugusa: damu, matapishi, jasho, maiti.

Korona ilikuja ingali bado haijaisha. Mgonjwa wa kwanza mu inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2020. Ugonjwa huu unapita zaidi kwa hewa: matone madogo sana yanatoka mu kinywa na pua, yanabaki yakielea mu chumba hata mwenyewe akishatoka. Ndoo ya klore ku mlango haiwezi kuyakamata.

Ndiyo sababu mwaka 2020 hopitali nyingi za dunia zilisimamisha spirometri, zikabakiza tu wagonjwa ambao hawangeweza kungoja. Tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema korona si dharura ya dunia tena. Vipimo vimerudia. Lakini usafi uliotokea wakati ule haupaswi kuondoka, kwa sababu kwetu kuna ugonjwa mwingine wa hewa uliokuwapo mbele ya korona na ungali bado: kifua kikuu. Congo ni kati ya inchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani.

Njia tatu za kuambukizwa

Ya kwanza ni tiyo. Mate yanabaki ndani. Tena ku mashini nyingi mgonjwa hapulizi tu, anavuta pia hewa kupitia tiyo ileile.
Ya pili ni hewa ya chumba, zaidi kisha kukohoa.
Ya tatu ni mikono: ya mgonjwa na ya muuguzi, kipini cha pua, mikono ya kiti, meza.

Mambo ambayo hospitali inapaswa kufanya

1. Kuuliza kwanza. Mbele ya kukalisha mgonjwa: una homa? Unakohoa tangu lini? Unatema damu? Umekonda? Mtu anayedhaniwa kuwa na kifua kikuu, korona ao mafua makali hapimwi siku ile. Anapelekwa kwanza kwa kipimo cha makohozi ao cha korona. Ikilazimika kumpima, awe wa mwisho ile siku.

2. Filtre mpya kwa kila mtu. Ni kipande kidogo cha plastiki kinachowekwa kati ya kinywa na mashini, kinakamata bakteria na virusi. Mtu mmoja, filtre moja, kisha inatupwa. Haioshwi, haianikwi ku jua, hairudiliwi. Ikilowana mate, kazi yake imekwisha. Tiyo ya kartoni peke yake haitoshi kama mgonjwa anavuta hewa ndani ya mashini. Kuna pia mashini ambazo kipande chote cha kupulizia kinatupwa.

3. Kufungua dirisha. Filtre inakamata hewa inayopita mu tiyo, lakini mgonjwa akitoa tiyo na kukohoa, hewa ile inaingia mu chumba. Dirisha na mlango vikae wazi, upepo upite. Muuguzi akae pembeni, si uso kwa uso, na upepo utoke upande wake kuelekea mgonjwa, kisha dirishani. Panka ikiwapo, isukume hewa inje.

4. Kungoja kati ya wagonjwa. Mu chumba ambamo hewa inabadilika mara 6 kwa saa, inahitaji karibu dakika 46 ili asilimia 99 ya matone yale yatoke. Ikibadilika mara 12 kwa saa, ni dakika 23. Basi watu kumi wasijazwe mu chumba kimoja wakingoja zamu. Wangojee inje, chini ya baraza.

5. Kujilinda kwa muuguzi. Kashene ya kukaza, aina ya FFP2, si ile ya kitambaa. Kunawa mikono mbele na kisha kila mgonjwa, hata kama alivaa mipira ya mikono.

6. Kupima mashini pamoja na filtre. Kila siku mashini inahakikishwa na bomba la litre 3. Filtre inazuia hewa kidogo, basi iwekwe pia wakati wa kuhakikisha, la sivyo namba zitadanganya.

Javeli na alkoli: tahadhari

Meza na kiti vinapanguswa kwanza na sabuni, kisha na klore ya asilimia 0,1 ao alkoli ya asilimia 70. Klore juu ya uchafu haifanyi kazi vizuri. Usiitie ndani ya mashini: inakula chuma na kuharibu kipande kinachopima. Vipande vinavyotoka vinaoshwa sawa vile kitabu cha mashini kinasema, na vikauke kabisa. Usichanganye javeli na asidi ao amonia, moshi wake ni sumu. Tena harufu ya klore inaweza kuamsha asma. Usipulize klore mu chumba mgonjwa akiwa karibu kuingia.

Juu ya nini inatuhusu zaidi

Fikiri wamama wanaotwanga mawe ya zahabu Kamituga, ao vijana wanaoshuka mu mashimo. Vumbi la mawe yale linakaza mapafu, na mtu ambaye mapafu yake yana vumbi lile anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Yeye ndiye anahitaji spirometri sana. Yeye pia ndiye anaweza kuleta kifua kikuu mu chumba bila kujua, ao kukipata pale alipokuja kutafuta msaada. Kukataa kumpima si dawa. Kumpima bila filtre pia si dawa.

Wewe mgonjwa, fanya hivi

Kama unakohoa kupita juma mbili, sema mbele ya kipimo. Dawa za kifua kikuu ni za bure.
Nawa mikono ukiingia na ukitoka.
Omba filtre ifunguliwe mbele ya macho yako.
Ukitoa tiyo na kikohozi kikakushika, kohoa ndani ya kiwiko ao kitambaa, ukigeukia dirisha.
Kama nyumbani una kifaa kidogo cha kupuliza cha asma, kisiwe cha jamaa yote. Kila mtu na chake.

Na kama wanakuambia filtre zimekwisha? Uliza kwa heshima: « Munganga, kipimo hiki kinaweza kungoja mpaka zifike? » Mara nyingi kinaweza. Muuguzi mwema hatakasirika, maana filtre ile inamlinda yeye pia, anayekaa mu chumba kile kila siku.