Mizani ya Makambako na bondia anayepanda uzito

Makambako hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya mizani. Malori ya barabara kuu iendayo Tunduma husimama pale kupimwa. Lori kubwa kabisa haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo, lakini dereva anajua kwamba hata akiwa chini ya hapo atakutwa na kosa iwapo mzigo umelalia ekseli moja. Kwa hiyo mjadala wa ndondi unapozuka kwenye vibanda vya chai, au kule Njombe mjini ambako baridi huwakusanya watu kuzunguka jiko la mkaa, wenyeji tayari wanacho kipimo. Swali ni lilelile miaka yote: bondia mdogo akipanda uzito wa juu, atatoboa? Wengi hujibu kwa kuhesabu kilo. Historia inatutaka tutazame pia kilo hizo zimekaaje.

Mwaka 1897, mjini Carson City, Marekani, Bob Fitzsimmons aliyekuwa na kilo kama 76 alimkabili bingwa wa uzito wa juu, James Corbett, aliyemzidi kilo zipatazo saba. Alipigwa sana raundi za mwanzo. Raundi ya 14 akapenyeza konde kwenye chembe cha moyo, na bingwa akashindwa kuinuka.

Walipita wengi waliojaribu njia hiyo wakaanguka. Ilipofika Septemba 1985, Michael Spinks, bingwa wa daraja la kilo 79.4, alijiongeza hadi karibu kilo 91 kwa mazoezi na chakula vilivyopangwa ili asipoteze kasi ya miguu. Alimshinda kwa pointi bingwa wa uzito wa juu, Larry Holmes, ambaye alikuwa hajapoteza hata pambano moja kati ya 48. Hakuna bingwa wa daraja lile aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Juni 1988, Spinks huyohuyo alipanda ulingoni na Mike Tyson akiwa na karibu kilo 96. Alikuwa mzito kuliko usiku ule alioweka historia, lakini alidumu sekunde 91 tu. Kama kilo ndizo zingekuwa jibu, matokeo hayo yasingewezekana. Tofauti ilikuwa wapinzani: Holmes alikuwa na umri wa miaka 35 na mwendo wake ulishapungua. Tyson alikuwa na miaka 21 na alikuja mbele kama mafuriko. Na mwaka 2021, jijini London, Oleksandr Usyk alimpokonya Anthony Joshua mikanda kwa miguu na pembe alizokuwa akijitengenezea, huku akiwa mwepesi kwa zaidi ya kilo nane.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. John Mugabi wa Uganda alikuwa ameshinda mapambano yake yote ya kulipwa kwa KO alipokwenda Las Vegas, Machi 1986, kukutana na bingwa wa uzito wa kati, Marvin Hagler. Mugabi alitoka daraja la kilo 69.9 kwenda la kilo 72.6. Tofauti hiyo haijazi hata mfuko mdogo wa viazi vya Njombe. Lakini makonde yaliyowalaza wengine, Hagler aliyameza, na raundi ya 11 Mugabi akalala.

Sisi Watanzania tunaye Titus Simba. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi nyumbani na medali ya fedha. Aliyemshinda ni kijana wa Liverpool, John Conteh. Conteh alipoingia ngumi za kulipwa mwaka uliofuata, alianza kwa kupambana na mabondia wa uzito wa juu, kisha akashuka. Oktoba 1, 1974, akawa bingwa wa dunia wa WBC katika daraja la kilo 79.4.

Conteh aliupima mwili wake mwenyewe, akajua mzigo wake unakaa wapi. Mjadala ukianza tena Makambako, tuulize kwanza miguu ya bondia anayepanda uzito itabeba nini, na aliye mbele yake ni nani. Na jina la Titus Simba litajwe mezani, kwa sababu alisimama uso kwa uso na bingwa wa dunia wa kesho yake.