Kura Mbili za Hasira

Septemba 1893 New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza yenye serikali yake ya ndani kuwapa wanawake haki ya kuchagua wabunge. Kilichoamua mambo dakika za mwisho ni kura za wazee wawili waliokuwa hawaitaki haki hiyo hata kidogo.

Chanzo cha harakati hizi kilikuwa pombe. Mwaka 1885 Mmarekani Mary Leavitt alizunguka koloni hilo akianzisha matawi ya umoja wa wanawake Wakristo wanaopinga ulevi. Wanachama walikuwa wamechoka kuona mishahara ya waume ikiishia vilabuni, lakini kila walipolipelekea Bunge maombi yao, yaliwekwa kando. Mtu asiye na kura hamtishi mbunge. Kate Sheppard wa Christchurch, mzaliwa wa Liverpool, alilielewa hilo mapema, na mwaka 1887 akakabidhiwa kampeni ya haki ya kura.

Wauza pombe nao hawakulala. Mbunge wao wa Dunedin, Henry Fish, alilipa watu wakusanye sahihi za kupinga, na nyingi zikabainika kuwa za uongo. Upande wa Sheppard sahihi zilizidi kuongezeka: zaidi ya 9,000 mwaka 1891, na mwaka 1893 karibu 32,000, yaani takriban robo ya wanawake watu wazima wenye asili ya Ulaya. Sheppard aligundisha karatasi za ombi kubwa moja baada ya nyingine, akaziviringisha kwenye kipande cha mpini wa fagio. Sir John Hall, mhafidhina aliyewatetea wanawake kwa miaka mingi, aliliachia furushi hilo libingirike katikati ya ukumbi wa Bunge mpaka likagonga ukuta.

Mwaka huohuo, katika Te Kotahitanga, Bunge la Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, Meri Te Tai Mangakahia alidai wanawake wapige kura na pia wakalie viti. Hoja yake ilikuwa kali: wapo wanawake wenye ardhi zao, na maombi ya machifu wanaume kwa Malkia wa Uingereza hayajazaa chochote, huenda Malkia atawasikia wanawake wenzake. Kwa kudai viti, alikuwa amewatangulia Wazungu wengi wa koloni lake.

Waziri Mkuu Richard Seddon, rafiki wa wauza pombe, alitegemea baraza la juu la Bunge liuue muswada wa kuwapa wanawake kura. Alipoona mambo yanamponyoka, alimpelekea mjumbe wa baraza hilo kutoka chama chake, Thomas Kelly, simu ya maandishi akimtaka abadili kura. Ujanja huo uliwachefua wapinzani wawili wa muswada, William Reynolds na Edward Stevens, wakageuka na kuuunga mkono ili kumkomoa. Tarehe 8 Septemba ulipita kwa kura 20 dhidi ya 18, na siku kumi na moja baadaye Gavana akautia saini.

Novemba 28 wanawake zaidi ya 90,000 walipiga kura, Wamaori wakifuata Desemba. Fujo zilizotabiriwa hazikutokea. Seddon alishinda kwa kishindo, akatawala hadi kifo chake mwaka 1906. Haki ya kugombea ubunge ilisubiri hadi 1919, na mwanamke wa kwanza bungeni, Elizabeth McCombs, alichaguliwa mwaka 1933, Sheppard akiwa bado hai.