Tongoni: nani alimvika nani kilemba

Makaburi ya kale ya Tongoni yanazidi 40. Yamelizunguka gofu la msikiti wa karne ya 15, karibu na ufuko, kusini mwa mji wa Tanga kwa upande wa barabara ya Pangani. Baadhi yalijengewa nguzo za mawe na chokaa, na katika nguzo hizo mafundi waliacha vishimo vya mviringo vya kupachikia bakuli zilizoletwa na majahazi kutoka nchi za mbali. Vishimo vipo, bakuli hazipo, na nguzo nyingi zimelala chini.

Kaburi la nguzo halikuwa la kila maiti. Lilikuwa la mtu mwenye cheo. Cheo hicho alikipata wapi? Nani alimpa, na nani angeweza kumvua? Hayo ni maswali ya katiba, hata pale ambapo hakuna aliyekaa kitako akaandika ibara. Ukiifuatilia historia ya utawala wa pwani hii ya kaskazini, kuanzia enzi za madiwani, watawala wa miji ya kale, hadi Katiba ya mwaka 1977, utaona inazunguka jambo hilo hilo: mwenye kukuvika kilemba ndiye utakayemtazama usoni unapokata shauri.

Zamani Tongoni ilijulikana kama Mtangata. Mwezi Aprili 1498 meli ya Wareno iitwayo São Rafael ilikwama jirani na hapa, na Januari 1499, wakiwa njiani kurudi kutoka India, Vasco da Gama aliichoma moto kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha meli zote tatu. Mtangata kama dola ya mji haikudumu. Ila mtindo wa kuongoza miji ya Mrima ulibaki, na huo tunaujua vizuri zaidi kwa sababu mwenyeji aliuandika.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, anamweleza jumbe na wenzake wenye vyeo: waziri, shaha, amiri, akida. Mtu hakuamka tu akajiita jumbe kwa kuwa baba yake alikuwa jumbe. Alitoa ada kwa waliomtangulia, akachinja, akalisha mji. Kaskazini zaidi, huko Vumba Kuu, karibu na mpaka wa sasa wa Kenya, diwani alitawazwa kwa siwa, ngoma na mwavuli, na sherehe ya kumtawaza ilikuwa na watu wengi wenye sehemu zao na haki zao. Huwezi kuwa mtawala peke yako chumbani.

Isidhaniwe kwamba nasimulia pepo. Mtumwa hakuwa na sauti katika mashauri hayo, na ada ya kilemba iliwafungia nje wasiokuwa nacho. Ninachosema ni kwamba madaraka yalikuwa na wenyewe wengi, na kila mmoja alikijua kipande chake.

Katikati ya karne ya 19 vipande hivyo viliongezeka. Sultani wa Zanzibar aliweka liwali, mwakilishi wake, katika miji ya pwani, pamoja na askari wake wa Kibaluchi. Milimani Usambara, katika mji wa Vuga, alikaa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, ambaye mamlaka yake yalishuka hadi kwenye maji ya chumvi. Madiwani wa upande wa Tanga walihitaji kutambuliwa na pande zote mbili, Vuga na Unguja. Kadhi aliamua mirathi na ndoa kwa sheria ambayo si liwali wala diwani aliyeitunga. Na ushuru wa forodha, ambao ndio uliokuwa fedha hasa ya dola ile, Sultani aliukodisha kwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi ya Jairam Shivji. Kwa hiyo bunduki zilikuwa kwa mmoja, fedha kwa mwingine, hukumu kwa wa tatu, na ardhi na mambo ya mji kwa diwani.

Mpango huo haukubuniwa na mwanafalsafa. Ulitokana na watu kushindwa kunyang'anyana kila kitu. Ulikuwa dhaifu pia, kwa maana ulitegemea kila upande kuwa na nguvu. Kimweri alipofariki mwaka 1862 wanawe na wajukuu wakaingia vitani wao kwa wao, upande mmoja wa mizani ukaporomoka, na mkono wa Unguja ukabaki bila wa kuuzuia huku pwani.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti wakala wa kampuni hiyo mjini Pangani, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe, forodha iwe yake, na liwali amtii yeye. Yaani vile vipande vyote nilivyovitaja alitaka kuvikusanya kwapani siku moja. Pwani ikalipuka. Vita vilivyoongozwa na Bushiri bin Salim vilianza Pangani na kuenea mwambao mzima. Hermann Wissmann akaletwa na jeshi, akaichukua Pangani na Tanga Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Bushiri akanyongwa Pangani. Vitabu vya shule huvieleza vita hivi kama upinzani dhidi ya wageni, na ndivyo vilivyokuwa. Lakini wageni pwani hii iliwazoea kwa karne nyingi. Mtu mmoja kuwa na kila kitu ndilo lililokuwa jipya.

Baada ya hapo likaja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoacha alama ndefu kuliko vita vyenyewe. Tanga ikawa karakana ya utawala wa Kijerumani. Mkuu wa wilaya wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, huyu huyu ambaye jina la Kilatini la ua maarufu la milima ya Usambara limetokana naye, aliusimika mfumo wa maakida ambao ukaigwa sehemu nyingine za koloni. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikawa chimbuko la makarani waliojua kusoma, kuandika na kuhesabu kodi. Akida aliwekwa na Mjerumani, alilipwa na Mjerumani, na aliondolewa na Mjerumani. Chini yake walikuwapo majumbe, jina la zamani lenye kazi mpya. Jumbe aliyekuwa akipokea ada sasa alikuwa akidai kodi ya nyumba kwa niaba ya serikali. Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka.

Na mkuu wa wilaya mwenyewe? Alikusanya kodi, aliongoza polisi, na kesi ya mtu aliyekamatwa na polisi hao kwa kutolipa kodi hiyo ilisikilizwa naye. Hukumu yake ikiwa viboko, vilihesabiwa hadi hamsa ishirini. Ulaya kwao, tangu Mfaransa Montesquieu aandike mwaka 1748 kwamba hakuna uhuru pale mtunga sheria, mtekelezaji na hakimu wanapokuwa mtu mmoja, hilo lilikuwa somo la kila mwanasheria. Katiba ya Marekani ya 1787 ilijengwa juu yake. Somo hilo halikupakiwa katika meli zilizotia nanga Tanga.

Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walibadili maneno zaidi ya mambo. Gavana Donald Cameron alileta utawala kupitia machifu mwaka 1926, ila miji ya pwani haikuwa na machifu wa kumfaa, maliwali wakabaki. Mwaka huo huo Baraza la Kutunga Sheria likaanzishwa bila Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa. Mkuu wa wilaya aliendelea kuwa na madaraka ya hakimu. Hata hivyo ni Tanga hii hii ambako mwaka 1922 Martin Kayamba, karani Mbondei, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1931 akawa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa maoni yao mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki. Karani aliyelelewa na mfumo akaenda kuuambia mfumo unavyoonekana kutoka chini.

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulikuja na katiba ya mtindo wa Westminster: malkia, gavana mkuu, waziri mkuu anayewajibika bungeni. Ilidumu mwaka mmoja kamili. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri yenye Rais mtendaji. Mwaka huo mkuu wa wilaya wa kikoloni akaondoka, mahali pake akawekwa mkuu wa wilaya mpya aliyeteuliwa na Rais, ambaye alikuwa pia katibu wa TANU wa wilaya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilijenga mahakama za mwanzo na za wilaya, ikaitoa rungu la hakimu mikononi mwa watawala, na hatua hiyo ilistahili sifa kuliko inavyopewa. Katiba ya Muda ya 1965 ikahalalisha chama kimoja. Mwaka 1972 sera ya Madaraka Mikoani, jina lake zuri, ikafuta halmashauri zilizochaguliwa na kuwapa kazi zake watumishi wa serikali kuu. Halmashauri za miji zilirudi 1978, za wilaya zikafuata baada ya sheria za 1982, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikaingizwa katika Katiba, sasa Ibara za 145 na 146.

Katiba ya 1977 inagawa madaraka mapema kabisa. Ibara ya 4 inataja vyombo viwili vya utendaji, viwili vya kutoa haki na viwili vya kutunga sheria: kila aina kimoja cha Muungano na kimoja cha Zanzibar. Ukisimama Tongoni, Pemba iko ng'ambo ya mkondo tu, lakini ni sehemu ya Zanzibar, yenye Baraza la Wawakilishi lake na Mahakama Kuu yake. Tangu mwaka 2000 Ibara ya 107A inasema mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Endelea kufungua kurasa, utaona vipande vinavyoanza kusogeleana. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Ibara ya 36 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha ofisi na kuteua, na ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, Ibara ya 41(7) inaizuia mahakama yoyote kuyachunguza. Ng'ambo ya mpaka, ambako ndugu zao Wadigo na Wavumba wa huku wanaishi Vanga na Kwale, Katiba ya Kenya ya 2010 imewatoa mawaziri bungeni, imewapa wananchi gavana wa kumchagua, na Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017. Kamishna wa kaunti anayeteuliwa na Nairobi bado yupo, lakini jirani yake, gavana, ana kura.

Tongoni ya leo ni kata katika Jiji la Tanga, nayo ina diwani. Huchaguliwa kila miaka mitano, na akiingia katika baraza la madiwani anamkuta mkurugenzi, aliyeteuliwa na Rais, akiwa katibu wa kikao. Sheria ndogo watakazopitisha zinahitaji idhini ya waziri. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri, mwaka 2016 ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, katika vifungu vya 7 na 15, inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Hakimu hayumo katika uamuzi huo wa kwanza. Hapo kivuli cha yule akida sihitaji kukitafuta kwa tochi.

Jaribio la kuandika katiba mpya lilikuwapo. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni, na rasimu zake zilipendekeza, pamoja na mengine, mawaziri wasiwe wabunge. Bunge Maalumu la Katiba lililoanza Dodoma Februari 2014 lilitumia muda mwingi likigombea idadi ya serikali, mbili au tatu. Likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Idadi ya serikali ni jambo kubwa kwa Muungano. Kwa mkazi wa Tongoni lipo lililo karibu zaidi na mlango wake, na halikupigiwa kelele kiasi hicho.

Mchakato huo wa katiba mpya ukifufuliwa na wakusanya maoni wakafika Tanga, msiishie kwenye mbili au tatu. Waulizeni nani atamteua mkuu wa wilaya, nani atamwajiri mkurugenzi, kodi ya nyumba yako itakaa wapi, na vile vifungu vya 7 na 15 vitafutwa lini.