Dar es Salaam–Mwanza (umbali na muda wa ndege)

Ukipima kwa mstari mnyoofu, Dar es Salaam na Mwanza zimeachana kwa takriban kilomita 845. Kwa barabara umbali huo hupita kilomita 1,100, kwa kuwa njia huzunguka Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga kabla ya kufika ziwani. Anayepanda basi hutumia mchana mzima na kipande kizuri cha usiku.

Ndege ya jeti kama Airbus A220 hutumia kama saa moja na nusu, tangu milango yake ifungwe hadi ifunguliwe. Ya pangaboi, kama ATR, hukaribia saa mbili. Kuingia uwanjani mapema na kusubiri mizigo ni hesabu nyingine, na foleni za Dar huweza kuumeza muda uliookolewa angani.

Rubani huondoka karibu na usawa wa bahari na kutua zaidi ya mita 1,100 juu yake, kando ya Ziwa Victoria. Abiria wa dirishani huyaona mawe makubwa ya Mwanza.