Kuenzi na Kuiba katika Filamu

Karibu na mji wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Katika lugha ya Kijaluo jina hilo maana yake ni kijiji kilichozama. Wazee husimulia ya kwamba zamani mahali hapo palikuwa na kijiji kikubwa. Usiku mmoja watu walipokuwa wakila na kucheza, alifika ajuza mgeni mwenye njaa. Akafukuzwa kila alikobisha, ila mwanamke mmoja tu akampokea na kumlisha. Ajuza akamwonya aondoke upesi. Na usiku ule maji yakafurika, kijiji chote kikadidimia.

Fikiri basi, msomaji, ya kwamba kijana wa Homa Bay, au mgeni kutoka ng'ambo, ataka kukigeuza kisa hicho kuwa filamu. Je, atakuwa amewaenzi wazee wale, au atakuwa amewaibia? Swali hili limekwisha kuleta ugomvi mkubwa duniani, na historia ya sinema yaweza kutusaidia kulijibu.

Kwanza yatupasa kujua ya kwamba kufanana peke yake si ushahidi wa wizi. Mshairi wa Kirumi Ovid alisimulia habari za Filemoni na Baukisi, wazee maskini waliowakaribisha miungu waliojigeuza wasafiri. Majirani wao wachoyo wakaangamizwa kwa maji. Kisa hiki chafanana mno na kile cha Simbi, wala hatuna sababu ya kumshuku yeyote kuwa alimwibia mwenzake. Uchoyo na ukarimu vimo katika kila nchi. Wazo ni kama maji ya ziwa, kila mtu huchota. Lakini mtungi ni mali ya mfinyanzi. Sheria za hakimiliki nazo huulinda mtungi, yaani namna mtu alivyolieleza wazo, wala haziyalindi maji.

Sasa tutazame mambo yaliyompata Akira Kurosawa, mwongozaji mashuhuri wa filamu wa Japani. Mwaka 1954 alitoa filamu ya Seven Samurai, inayoeleza jinsi wanavijiji walivyowaajiri mashujaa saba wawalinde na wanyang'anyi. Mwaka 1960 Mmarekani John Sturges alitoa The Magnificent Seven, akakihamishia kisa kile Mexico na kuwavika mashujaa kofia na bastola. Lakini haki za kisa zilikuwa zimenunuliwa, na mwanzoni mwa filamu iliandikwa wazi kwamba asili yake ni ile ya Kijapani. Hivyo mtazamaji aliipenda kazi mpya na papo hapo akaijua ya kwanza.

Mwaka 1961 Kurosawa alitoa Yojimbo, habari za mpiganaji mmoja aliyeingia katika mji uliogawanywa na makundi mawili maovu, akayachonganisha mpaka yakaangamia. Miaka mitatu baadaye Mwitalia Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars. Mpiganaji ni yule yule, makundi ni yale yale, na mambo mengi yafuatana kwa utaratibu ule ule. Ila jina la Kurosawa halikutajwa. Wajapani wakadai haki yao. Leone alijitetea kwamba kisa cha mtumishi wa mabwana wawili kilikuwa kimeandikwa zamani na Mwitalia mwenzake, Carlo Goldoni. Hata hivyo shauri lilimalizika kwa mapatano, na Wajapani wakapewa asilimia 15 ya mapato.

Usifikiri kwamba Kurosawa mwenyewe hakuazima. Filamu yake ya Throne of Blood ya mwaka 1957 yatokana na Macbeth ya Shakespeare. Wala Leone hakuwa mtu asiye na kipaji. Filamu yake ilibadilisha sinema za aina ile, na mpaka leo yasifiwa. Hapa ndipo penye fundisho: kipaji hakilipi deni. Mtu aweza kuazima na kufanya kazi njema sana, na bado akawa amemdhulumu mwenzake kwa kunyamaza.

Dhuluma hiyo huwa nzito zaidi anayeazimwa akiwa mnyonge. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939. Wimbo ukavuka bahari, ukapewa maneno ya Kiingereza, na hatimaye ukasikika katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini Linda alifariki maskini mwaka 1962. Watoto wake walifungua mashtaka mwaka 2004, na mapatano ya mwaka 2006 ndiyo yaliyowapa sehemu ya mapato na kumtambua baba yao kuwa mtunzi.

Je, masimulizi ya Simbi, ambayo mtunzi wake hajulikani, nayo yana mwenyewe? Nchini Kenya sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi yatambua kwamba jamii nzima yaweza kuwa na haki juu ya utamaduni wake, na serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuyaweka mambo hayo katika daftari. Basi mtengenezaji wa filamu aendaye Kendu Bay na awaendee wenyeji kwanza, awaombe ruhusa, na awataje.

Katika Kaunti ya Migori uko mfano mwema wa kuazima kwa heshima. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, yadhaniwa zilijengwa katika karne ya 16, bila udongo wala saruji. Wakazi waliofuata waliishi humo wakatengeneza palipobomoka, wala msingi wa kwanza haukufichwa.

Nawe, msomaji, siku utakaposhika kalamu au kamera, azima bila hofu, kwa maana hakuna msanii asiyeazima. Lakini jiulize mambo mawili: Je, nimeongeza langu? Je, mwenye kazi ya kwanza akikaa miongoni mwa watazamaji, ataona jina lake? Ukiweza kujibu ndiyo mara mbili, umemwenzi. Ukishindwa, rudi ukamtafute kabla taa za ukumbi hazijazimwa.