Majogoo Sita wa Göttingen

Agosti 1848, mjini Göttingen, Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Arnold Adolph Berthold alichukua majogoo sita wachanga na kisu kidogo. Wawili aliwahasi akawaacha hivyo. Wengine aliwaachia korodani moja moja tumboni, ikiwa imekatwa kutoka pale ilipokuwa imejishikilia. Wengine hata aliwabadilishia: ya huyu akampa yule, akaipandikiza katikati ya utumbo. (Korodani za kuku ziko ndani ya tumbo, ndiyo maana hujawahi kuziona.) Kisha akasubiri wakue.

Wale wawili waliohasiwa walinenepa vizuri, lakini kilemba chekundu cha kichwani kilibaki kidogo na kilichopauka. Hawakupigana, hawakuwasumbua mitetea, na sauti yao ilikuwa ya kusikitisha. Waliobaki walikuwa majogoo kamili: kilemba, kuwika, fujo, kila kitu. Berthold alipowapasua alikuta zile korodani zimejishikiza kwenye utumbo na kuotesha mishipa mipya ya damu. Neva za zamani zilikuwa zimekatika na hazikuungana tena.

Hapo ndipo penye stori. Kwamba mnyama akihasiwa hubadilika, hilo lilijulikana tangu zamani. Babu yangu alikuwa na maksai wawili wa kulima na hakuhitaji Mjerumani amweleze kwa nini walikuwa wapole kuliko fahali wa jirani. Wafalme wa mataifa mengi waliweka matowashi ikuluni kwa ujuzi huo huo. Swali lilikuwa: habari inatokaje kule chini hadi kwenye kilemba cha kichwani? Wengi wakati huo wangesema neva. Berthold alisema la, inapita kwenye damu. Mwaka wa 1849 alichapisha kurasa nne hivi, na hakuna aliyeshtuka. Zilikaa kwenye kabati zaidi ya miaka 50.

Jibu lilirudi kupitia mlango mwingine. Januari 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote zinazofika kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi ndani yake. Kongosho, ambalo sasa halikuwa na waya wowote wa kuliunganisha na kipande kile, bado lilianza kumwaga maji yake ya kusaga chakula. Utumbo ulikuwa umetuma ujumbe kwa damu. Mwaka wa 1905 Starling aliupa ujumbe wa aina hii jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea: homoni.

Wengi wetu tulifundishwa homoni kama orodha ya kukariri kabla ya mtihani. Tezi ya shingo, kongosho, tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia, ovari, korodani, na ile ndogo chini ya ubongo, ukubwa wa punje ya minji, inayowaamrisha wengine. Tulichonyimwa ni namna zinavyosikilizana. Fikiria tangi la maji juu ya ploti. Maji yakipungua, boya linashuka, mfereji unafunguka. Tangi likijaa, boya linapanda na kufunga. Ile punje ya minji hufanya hivyo hivyo: hutuma homoni ya kuziamsha korodani au ovari, kisha, kwa msaada wa ubongo, huonja damu, na ikikuta homoni za huko zimetosha, inapunguza kelele. Halafu kuna jambo la pili, na ulishike kwa sababu litarudi: homoni hufika kila mahali damu inapofika, lakini husikika tu pale seli ilipo na kipokezi chake. Bila kipokezi, homoni inapita tu kama matatu iliyojaa.

Kabla hata jina halijapatikana, watu walikuwa wameshaanza kuota. Tarehe 1 Juni 1889, mbele ya wanasayansi wenzake mjini Paris, mzee wa miaka 72 alisimama akatangaza kwamba amejidunga maji yaliyotolewa kwenye korodani za mbwa na panya wa Guinea, na kwamba amerudi ujana. Alikuwa anapanda ngazi mbio. Alikuwa ananyanyua mizigo. Hata mkojo, alisema, unaruka mbali zaidi, na alikuwa ameupima. Huyu ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Mauritius, bahari hii hii yetu, na hakuwa mganga wa kichochoroni. Alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa neva wa karne yake. Dawa yake karibu kwa hakika haikuwa na kitu, maana homoni hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mzee alijidanganya. Lakini wazo alilouza lilinunuliwa na dunia nzima: kwamba uanaume ni kioevu, una chupa yake, na ukikipungukiwa waweza kuongezewa.

Basi wakaanza kukisaka. Mwaka wa 1927 huko Chicago, Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walienda kwenye machinjio wakachukua kilo 18 hivi za korodani za fahali, wakapata miligramu 20 za kitu. Walijuaje kwamba ndicho? Walimdunga jogoo aliyehasiwa, kilemba kikakua. Kwa miaka mingi kipimo cha homoni hii kilikuwa hicho: kilemba cha kuku. Mwaka wa 1931 Adolf Butenandt alikusanya takriban lita 15,000 za mkojo wa polisi wa Berlin (ndiyo, polisi) akapata miligramu 15 za homoni ya jamii hiyo. Mwaka wa 1935 kundi la Ernst Laqueur huko Amsterdam likaipata yenyewe, safi, kutoka korodani za fahali, na kuiita testosteroni. Mwaka huo huo Butenandt, na Leopold Ružička kivyake, waliitengeneza kutoka kolesteroli. Nobel ya 1939 ya kemia ilikuwa yao.

Mimi kinachonivuta ni karatasi moja iliyotoka katikati ya mbio hizo. Mwaka wa 1934 Bernhard Zondek alipima mkojo wa farasi dume akakuta umejaa estrojeni, ile iliyoitwa homoni ya kike. Dume tena, mwenye nguvu zake, na mkojo wake ulikuwa kati ya vyanzo tajiri kabisa vya homoni hiyo vilivyojulikana. Leo tunajua sababu. Mwili hutengeneza estrojeni kwa kuibadilisha testosteroni; moja ni malighafi ya nyingine. Ovari hutengeneza testosteroni kila siku. Wanawake wote wanayo, wanaume wote wana estrojeni, na mifupa ya mwanamume aliyekosa estrojeni inadhoofika. Majina yalipaswa kubadilishwa mwaka ule. Hayakubadilishwa. Kilemba cha jogoo kilikuwa kimeshafanywa kipimo, na kilichopimwa kwa jogoo kikaitwa cha kiume.

Sasa twende uwanjani, maana huko ndiko jina hilo lilikogeuka kuwa sheria.

Shaka juu ya wanawake wanaokimbia kasi ni ya zamani. Mwaka wa 1966 huko Budapest wanariadha wa kike walitembezwa uchi mbele ya madaktari. Kufikia Olimpiki ya Mexico, 1968, ilikuwa kromosomu. Mwaka wa 1985 huko Kobe, Japani, Mhispania mruka viunzi, María José Martínez-Patiño, aliambiwa kipimo kimemkataa: ana kromosomu za XY. Habari ilipovuja alipoteza ufadhili, mchumba, na rekodi zake zikafutwa. Kumbuka vipokezi. Korodani zilikuwa ndani ya mwili wake na testosteroni ilikuwepo, lakini seli zake hazikuweza kuisikia hata tone. Kwa misuli yake, homoni ile haikuwa na faida kuliko maji ya bomba. Ilimchukua hadi 1988 kurudishwa. Kipimo cha kromosomu kwa kila mwanamke kiliachwa na kamati ya Olimpiki mwaka wa 1999, na baada ya Caster Semenya kushinda mita 800 mjini Berlin mwaka wa 2009, akiwa na miaka 18, shirikisho la riadha liliamua kuhesabu testosteroni badala yake.

Fainali ya mita 800 ya Rio 2016 ilikimbiwa saa tisa na robo usiku kwa saa zetu. Nilikuwa macho. Semenya wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, Margaret Wambui wetu wa tatu. Waafrika watatu jukwaani, wawili kutoka Afrika Mashariki, na kabla hata jua halijachomoza mtu kwenye grupu yetu ya WhatsApp alikuwa ameandika ati hao ni wanaume. Mkenya, akimwandika Mkenya aliyetoka kushinda shaba. Hakuna aliyempinga.

Mwaka wa 2018 ikaja kanuni: wanariadha wa kike wenye tofauti fulani za ukuaji wa kijinsia washushe testosteroni chini ya nanomoli 5 kwa lita kwa miezi sita, wakitaka kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili. Wote watatu wa Rio wamesema wenyewe hadharani kwamba iliwagusa. Kushusha ni kwa dawa, na Semenya ameeleza jinsi vidonge alivyomeza hapo awali vilivyomfanya awe mgonjwa kila wakati. Mganda Annet Negesa alienda kwenye runinga ya Ujerumani mwaka wa 2019 akasema alifanyiwa upasuaji mwaka wa 2012 ambao hakueleweshwa. Shirikisho limekana kuhusika. Niyonsaba alikimbilia mbio ndefu, na mwaka wa 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka huo huo Wambui aliiambia BBC angependa kuwe na kitengo cha tatu. Mwaka wa 2023 mlango wa Niyonsaba nao ukafungwa: nanomoli 2.5, miezi 24, kila mbio.

Hebu niwe wa haki. Testosteroni si hekaya. Hujenga misuli, huongeza damu inayobeba oksijeni. Ndiyo maana wanaotumia ya sindano hufungiwa. Wanawake wengi huwa chini ya nanomoli 2 kwa lita, wanaume juu ya 7, na pengo hilo ni kubwa. Waliomaliza wa nne na wa tano pale Rio nao wana machozi yao, na sitayacheka. Ila mimi nasoma ushahidi na kushangaa. Utafiti wa 2017 ulioitetea kanuni ulionyesha tofauti kwenye mita 400 na 800, lakini pia kwenye kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Kanuni iliacha nyundo na upondo, ikaingiza mita 1,500 na maili ambazo utafiti huo haukuzionyesha. Bana, hapo si sayansi iliyochora mstari. Na mwaka wa 2021 jarida lililouchapisha lilitoa sahihisho kwamba matokeo yale hayathibitishi kuwa testosteroni ndiyo iliyosababisha tofauti. Mahakama ya michezo ya mwaka wa 2019 ilikiri kanuni inabagua, kisha, kwa kura mbili dhidi ya moja, ikasema ubaguzi huo ni wa lazima. Julai 2025 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilisema Semenya hakusikilizwa kwa haki na mahakama za Uswisi. Alikuwa na miaka 34.

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, kila mwanamke anayetaka kushindana kwenye mashindano ya dunia hupimwa jeni moja, SRY, mara moja maishani, kwa kijiti cha pamba shavuni au tone la damu. Tumezunguka tukarudi karibu na pale alipokuwa Martínez-Patiño. Jeni hiyo iligunduliwa mwaka wa 1990 na kundi la watafiti London, mmoja wao akiwa Andrew Sinclair. Kipimo kilipotangazwa, Sinclair mwenyewe aliandika kukipinga: kinakuambia jeni ipo au haipo, basi. Hakikuambii kama inafanya kazi, kama korodani zilikua, kama testosteroni inatengenezwa, wala kama mwili unaweza kuisikia.